Bundi wa bafuni

Siku ya tatu ya mazoezi mama mwenye nyumba aligonga mlango wa bafu. "We kijana, uko salama humo ndani?" Nikamjibu niko salama mama, naimba tu. Kimya. Alafu nikamsikia anamwambia mtu pale uani, wala hakujisumbua kupunguza sauti, "Anasema eti anaimba."

Simlaumu. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nyumba ya vyumba sita, wapangaji wengine bado wanapapasa ndala chini ya kitanda, na mtu mzima mwenye ndevu zake kajifungia bafuni anatoa "huuuuu" nyembamba inayoanzia juu kabisa, inashuka polepole, ikifika katikati inakatika, kk!, alafu inaibukia chini ikiwa sauti ya mwanaume. Na wote tunajua bundi akilia karibu na nyumba watu wanaanza kuhesabu wagonjwa waliopo. Jirani wa chumba cha mbele alikuja kuniambia baadae kwamba ile siku ya kwanza alitoka na tochi akamulika bati zima.

Sasa nilifikaje huko.

Kwenye kwaya mi naimba sauti ya tatu. Kama hujawahi kuimba sauti ya tatu shida yake ni hii: wa sauti ya nne wanakaa chini wametulia kama wazee kwenye baraza, akina dada wa kwanza na wa pili huko juu ndo kwao, sisi wa tatu tunaishi mpakani. Wimbo unakulea vizuri mistari mitatu, unajiona una sauti, alafu mtunzi anashikwa na furaha kwenye kiitikio anakupandisha mpaka pale ambapo koo lenyewe halijui liwe la baba au la mtoto. Ukibaki na sauti yako ya kawaida unapiga kelele, ukiachia unakuwa na kisauti cha hewa hewa ambacho hata aliyesimama pembeni yako hakisikii. Wengi wetu tunachagua kelele. Mi nilichagua kelele miaka sita.

Mkesha wa Pasaka mwaka jana nikapewa solo. Wimbo ulikuwa do ni C, na pale kileleni kuna so, yaani ile G iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda, herzi 392 hivi. Mazoezini nilikuwa naipata, ila kuipata kwenyewe ni ile ya kupandisha mabega, kidevu juu, mishipa ya shingo imesimama kama nabeba mtungi wa gesi, na wenzangu wakawa wananiambia "umetisha" kwa hiyo nikaamini ndo kuimba huko. Siku yenyewe kanisa limejaa mpaka nje kwenye maturubai, tuko kwenye saa ya tatu ya ibada, sijanywa maji tangu jioni, maiki iko karibu na mdomo. Nikaifuata ile so kama kawaida yangu, kwa nguvu zote, na zikatoka sauti mbili. Ya kwanza yangu. Ya pili ya jogoo mchanga anayejifunza kuwika.

Mpiga kinanda ni mtu mwema, akakanyaga pedali ya sauti mpaka chini. Lakini watoto wa mbele walishasikia, na watoto hawana huruma, mpaka Pentekoste nikipita mtaani kuna kimoja kilikuwa kinaniimbia kile kipande na kule kukatika kwake, na kwa masikitiko yangu kilikuwa kinakipatia kuliko mimi.

Ushauri ulikuja wa kutosha. Meza yai bichi. Tafuna tangawizi kabla hujapanda. Asali na limao, kitunguu swaumu, usiguse karanga, maji ya baridi ni sumu. Nilifanya vyote isipokuwa yai, lile lilinishinda. Hapa niseme kitu kimoja nilichokuja kukielewa baadae ambacho kingeniokolea hela ya tangawizi: unachomeza hakipiti kwenye sauti yako. Chakula na maji vina njia yao, hewa ina yake, na kila ukimeza kuna kifuniko kidogo kinaziba njia ya hewa kabisa, na sauti inakaa kwenye njia hiyo ya hewa. Siku asali ikizigusa nyuzi zako za sauti utajua, maana utakohoa mpaka machozi, ndo kupaliwa kwenyewe huko. Maji yanasaidia ndio, ila kwa kupitia mwili mzima, unakunywa leo mchana ili koo liwe na unyevu jioni. Asali inatuliza koromeo, tamu pia, endelea nayo. Ila haijawahi kumvusha mtu kwenye so.

Aliyenivusha, au tuseme aliyenionyesha panapovukwa, ni mzee mmoja mwalimu wa kwaya mstaafu, wale wa zamani waliofundisha kwaya nzima kwa ubao na chaki, do re mi imeandikwa kwa herufi na nukta na vistari, hakuna kinanda, anatoa do kwa mdomo na ukija kuipima iko palepale. Alinikuta nje baada ya misa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndo wa Pasaka?"

Nikakubali kuwa ndo mimi wa Pasaka.

"Nililie kama bundi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikaangalia kushoto na kulia nikatoa kisauti fulani cha aibu, akasema hapana, bundi haogopi watu, watu ndo wanamuogopa bundi. Nikatoa tena. Akasema hiyo sauti unayo, tena nzuri, sasa kwa nini kila siku unapanda ngazi na gunia la mkaa kichwani wakati juu kuna mtu anakusubiri mikono mitupu? Nenda kamchukue juu umlete chini. Usipande. Shuka. Basi, akaingia kwenye bajaji akaondoka, na mimi nikabaki na hiyo mithali yangu kama mtu aliyeandikiwa dawa bila kuambiwa mara ngapi kwa siku.

Kwa hiyo nikaingia YouTube, na huko ndo nikachanganyikiwa vizuri. Kuna anayesema falseto, kile kisauti cha hewa hewa, na sauti ya kichwa ni kitu kimoja. Kuna anayesema ni mbingu na nchi. Mwingine anasema mwanaume hana sauti ya kichwa, mwingine anasema mwanamke hana falseto, na wote wana maiki kubwa na mimea nyuma yao. Wiki mbili nilikuwa nasikiliza ugomvi badala ya kufanya mazoezi.

Wacha nieleze ninavyoelewa mimi leo, na ntatumia kanga maana hakuna kilichowahi kunieleweshea zaidi ya kanga ya mama mwenye nyumba ikiwa kambani. Tunaita nyuzi za sauti lakini sio nyuzi kama za gitaa, ni mikunjo miwili ya nyama laini imelala ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti pale shingoni, kwa mwanaume mzima urefu wake ni kama milimita 17 mpaka 25, yaani ukucha wa dole gumba hivi. Hewa ikitoka mapafuni mikunjo hiyo inagongana na kuachana, kwenye ile so yangu ni mara 392 kwa sekunde. Ukiongea kawaida, au ukiimba kwa sauti ya kifua, unene wote unacheza, mji wa kanga na pindo vyote vinapepea, na ndani ya mkunjo kuna msuli umekaza unaufanya uwe mnene. Ukitaka kupanda kuna msuli mwingine kwa mbele unaivuta mikunjo irefuke na kuwa myembamba. Falseto ni pale ule msuli wa ndani unapoachia kabisa, linabaki pindo tu linapepea, na mara nyingi hata halifungi vizuri, hewa inavuja katikati, ndo maana falseto ina ule mwanya wa pumzi kama mtu anakunong'oneza. Sauti ya kichwa, kwa maana wanayoitumia waimbaji wengi, bado uko huko juu, bado ni wembamba, ila pindo zinakutana na kufunga, hakuna kinachovuja, sauti inapata kiini. Kwa hiyo ukiuliza tofauti yake utakuta inakaa kwenye kufunga zaidi kuliko kwenye urefu wa nota. Unaweza kuimba nota ileile moja kwa falseto na kwa sauti ya kichwa, na mazoezi yangu yote yamekuwa ni kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila mtu kusikia nimehama.

Na kule kukatika? Kule ni msuli wa ndani unaong'ang'ania mpaka unashindwa, alafu unaachia kwa mkupuo. Ungeachia kidogo kidogo kuanzia chini pasingekuwa na jogoo. Waimbaji wa Kiitaliano wa zamani wanapaita pasajo, yaani kipito, na kwa wanaume wengi wa sauti ya tatu kipo kwenye mi na fa za do ya C, herzi 330 mpaka 350, nota moja chini au juu ya hapo. Sio ugonjwa. Kila mtu anacho, wengine wamejifunza kukipita kimya kimya tu.

Kuhusu ugomvi wa majina, nilipochimba nikakuta ni wa kale. Kuna mwalimu mmoja Mhispania, Manuel García, alizaliwa 1805, familia nzima waimbaji, baba yake alikuwa mwimbaji mkubwa wa opera na dada zake wakawa wakubwa zaidi, yeye mwenyewe sauti ikamwishia angali kijana akageukia kufundisha. Mwaka 1840 alipeleka maelezo yake kuhusu sauti ya binadamu kwenye Akademia ya Sayansi kule Paris, na kwake yeye falseto inakaa katikati, juu ya kifua na chini ya kichwa! Yaani neno lilelile ambalo leo tunaliweka juu kabisa yeye aliliweka ghorofa ya kwanza. Sasa mtu akisoma kitabu cha zamani na mwingine akaangalia vidio ya jana wakikutana lazima wapigane. Watafiti wa siku hizi hasa wale wa Ufaransa wamechoka na majina wakaweka namba, M0 ni ile mikwaruzo ya sauti ya asubuhi, M1 ya kifua, M2 ambamo falseto na sehemu kubwa ya sauti ya kichwa vinaingia, M3 ni filimbi ya juu kabisa. Wanakubandika vibati viwili shingoni kuangalia mikunjo inavyofunga, na ukihama kutoka M1 kwenda M2 mchoro unaruka hata kama sikio halijasikia kitu. Hicho kilinifariji ajabu. Kwamba hata yule anayekuvutia, unayemsikia anapanda laini kama mafuta, ndani kwake kuna mruko, ila ameufunika.

Huyohuyo García ndo anajulikana kwa kuwa wa kwanza kutazama vizuri sauti ya mtu ikiwa kazini, mwaka 1854. Alikuwa matembezini Paris, jua linawaka, akapata wazo la vioo viwili, akaenda kwa muuza vifaa vya udaktari akanunua kioo kidogo cha meno chenye mpini mrefu, akakipasha joto kwenye maji, akakiingiza mpaka nyuma ya koo lake, na kwa kioo cha mkononi akaelekeza jua kinywani. Akaziona. Nyuzi zake mwenyewe, zinafunguka na kufunga. Mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa London mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi, madaktari wa koo wakaichukua njia hiyo wakaenda nayo mbali, na yeye akaishi mpaka 1906, miaka 101. Mi nilijaribu na kijiko cha chai na tochi ya simu. Sishauri. Niliona kimio changu tu, tena kwa nusu sekunde, kabla chai yote haijarudi ilikotoka.

Haya, mazoezi yenyewe.

Mwezi wa kwanza ulikuwa bundi tu. Kuanzia juu, "hu" laini, herufi h ikiwepo ili hewa itangulie na koo lisishituke, alafu kushuka kama mtu anateleza kwenye mchanga. Sheria yangu ilikuwa moja, sauti ikikatika isikatwe na aibu, yaani nisiikwepe kwa kukaza. Ikatike. Kuna siku nilikuwa naikatisha makusudi, juu chini juu chini, na hapo ndo nikagundua kwamba kuna watu hapa hapa Afrika ambao kule kukatika ndo muziki wenyewe. Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati wanaimba kwa kuruka kati ya sauti hizo mbili, kila mtu na mruko wake, zinasukana kama ukili wa mkeka, na mwaka 2003 UNESCO wakautangaza uimbaji huo kuwa urithi wa dunia nzima. Milima ya Alps kule Ulaya wanafanya hivyohivyo wakiitana. Na Solomon Linda wa Afrika Kusini, kwenye rekodi yake ya 1939, mabesi wanasaga chini kama mashine yeye kapaa juu kwa falseto tupu na hakuna aliyemuuliza kama anaumwa. Nilikuwa najisemea hivyo kila nikisikia mlango wa jirani unafunguliwa.

Mwezi wa pili nikaja kwenye ng'. Hapa Kiswahili kimetupendelea. Walimu wa Kizungu wanahangaika kweli, wanamwambia mwanafunzi sema neno fulani alafu ubaki mwishoni mwake usimalizie, sisi tunayo mwanzoni kabisa, ng'ombe, ng'oa, ng'ang'ania, mtoto wa miaka miwili anaitamka. Unakaa kwenye ng' mdomo wazi, ulimi umegusa nyuma, sauti inatokea puani, unapanda na kushuka kama king'ora. Uzuri wake ni kwamba huwezi kupiga kelele kwenye ng', hata ukitaka. Ile nguvu ya gunia la mkaa haina pa kutokea. Nikawa naifanya dukani (nauza spea za pikipiki) wateja wakidhani nina mafua. Kuna na ile ya kutikisa midomo, brrrr, kama mtoto anaendesha lori, na ile ya kupulizia mrija ndani ya chupa ya maji huku unaguna wimbo, maji yanachemka, ile ndo nzuri kuliko zote kwa koo lililochoka maana maji yanaurudishia mdomo msukumo kidogo na mikunjo inagongana kwa upole. Watoto wa pale nyumbani waliipenda hiyo, mirija ya jirani muuza juisi ikaanza kupotea, nikalaumiwa mimi, kwa haki kabisa.

Mwezi wa tatu nikaharibu. Nilikuwa nimeona maendeleo, nikaongeza muda, dakika kumi na tano zikawa saa nzima, alafu mazoezi ya kwaya jioni juu yake. Alhamisi nikaamka sina sauti. Sio ya kichwa sio ya kifua, hakuna. Siku nne nauza spea kwa ishara za mikono. Nilijifunza hapo kwamba misuli hii ni midogo mno na haina adabu ya kuuma mapema kama mguu unavyouma, inakuacha uendelee alafu inakukabidhi bili. Sikuhizi ni dakika kumi na tano basi, koo likiwasha nanyamaza, na kama sauti inakwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua mtu aende hospitali akaangaliwe, asiende kwenye tangawizi.

Sehemu tamu, na ngumu, ilikuja baada ya hapo. Nota moja. Nachukua mi, ile ya herzi 330, palepale kwenye kipito changu, naianza kwa falseto ndogo kabisa yenye hewa, "uuu", nimeweka kiganja mbele ya mdomo. Kiganja kinapata upepo. Alafu bila kupanda, bila kushuka, bila kusukuma, nazikaribisha zile pindo zikutane. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo, ni kama unapoanza kuguna ukimkubalia mtu, "mm", ule mwanzo wake. Ikikubali, kiganja kinapoa kwa sababu upepo umepungua, na hapohapo sauti inaongezeka. Hewa kidogo, sauti kubwa! Miaka sita nilikuwa naamini kinyume chake. Nikapima kwa saa ya simu, pumzi moja kwa falseto ilikuwa inaniishia sekunde 11, pumzi ileile kwa sauti ya kichwa ikafika 19. Nikaweka na ile programu ya simu inayochora sauti, falseto inaonyesha mstari mmoja mnene chini na vivuli viwili vitatu juu yake, ukifunga mistari ya juu inawaka mmoja baada ya mwingine kama taa za barabarani jioni. Alafu unarudi. Kurudi ndo kazi. Kutoka kwenye kiini kwenda kwenye hewa tena taratibu bila kk. Waitaliano wana zoezi hili la kuvimbisha nota moja na kuisinyaza tangu enzi na enzi na waimbaji wao walikuwa wanalifanya kila siku ya Mungu, na mimi naelewa kwa nini. Kuvimbisha nilipata wiki ya pili. Kusinyaza mpaka leo kuna siku kunanitoa jasho.

Jambo moja ambalo vidio za Kizungu hazitakwambia, kwa sababu haliwahusu: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, tena nusu ya nyimbo za kanisa zinatua kwenye a. Bwana. Aleluya. Msalaba. Mtunzi anaweka Bwana kileleni kwa sababu ndipo Bwana anapostahili kukaa, na a ni irabu mbaya kuliko zote kwenye kipito, ni wazi mno, inavuta ule unene wa chini upande nao juu. Jogoo wangu wa Pasaka alitoka kwenye a. Dawa yake ni kuidanganya, unaielekeza a kwenye o kadri unavyopanda, mdomo unarefuka kama unasema "bwona" bila kufika kwenye o kamili. Ukijisikia mwenyewe unaona unaharibu lugha. Aliyekaa benchi la tano anasikia Bwana safi kabisa. Nilimrekodi mwenzangu wa sauti ya tatu anafanya hivyo na nikamchezea, akakataa katakata kwamba sio yeye aliyesema o.

Na masikio yakifunguka unaanza kusikia vitu ulivyoishi navyo miaka yote. Nikisikiliza Tabu Ley sasa, ile sauti nyembamba iliyokuwa inanibembeleza kwenye redio ya baba, nasikia jinsi asivyosukuma. Nasikia muadhini wa msikiti wa mtaa wetu alfajiri, mzee yule, wakati mi niko bafuni napasha, anapandisha sentensi moja ndefu na pale ambapo mi ningekatika yeye anapita kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumbani kwake gizani. Kuna asubuhi nasimamisha mazoezi kumsubiri amalize, sio kwa adabu peke yake.

Solo nyingine sijapewa. Mwalimu wetu wa kwaya anasema tutaona Krismasi, kwa ile "tutaona" ya mwalimu wa kwaya, mnaijua. Kwenye kiitikio lakini wenzangu wameacha kuniangalia tukikaribia zile nota, na hiyo mi naihesabu.

Wiki iliyopita, Jumanne, nilitoka bafuni na taulo begani, mama mwenye nyumba yuko uani anachambua mchele. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama kidogo kama mtu aliyepoteza kitu.

"Leo hujalia?"

"Nimelia mama, nimemaliza sasa hivi."

"Mbona sijasikia pale panapokatika?"

Nilitamani nimkumbatie na ungo wake. Nikasema ahsante mama, nikaingia chumbani nikakaa kitandani nacheka peke yangu.

Jumatano ikakatika mara tatu. Akanipa pole kupitia dirishani.